Gombera Aliyenyoa Vichwa

Padre Mkasi, gombera wa seminari kuu, ni mdogo wangu. Mimi na yeye tumeachiana ziwa. Ni mtoto wa kinyozi wa sokoni aliyewanyoa mabwana harusi wa mtaa mzima na hakumkata hata mmoja sikio. Ni mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto wa nyumba zote kuanzia machinjioni hadi stesheni ya reli, akawakaripia mmoja mmoja kwa kuchelewa kutoka. Ni kitukuu wa mtu aliyechimba kisima kwa sururu na koleo, akakiacha wazi kwa kila mwenye ndoo. Yeye mwenyewe amelea mapadre waliotapakaa parokia zote unazozijua na usizozijua, amejenga maktaba, amefuta viboko, amepanda miti ya kivuli pande zote za uwanja. Hayo yalisomwa siku ya jubilei yake, na watu wakapiga makofi. Lakini tendo lake kubwa kuliko yote hawakulisoma, kwa sababu walioandika hawalijui. Mimi nalijua, maana lilipita kifuani kwangu.

Kwa asiyefahamu, gombera ni mkuu wa seminari, nyumba wanamolelewa vijana wanaotaka upadre. Watu hudhani ni kazi ya kukaa ofisini na kugonga mihuri. Si hivyo. Mkuu wa shule anao mtihani wa kumkinga: mtoto amefaulu au amefeli, lawama zinakwenda kwenye karatasi. Mkuu wa chuo kikuu anakuvisha joho hata jina lako halijui. Gombera hana pa kujificha. Siku ya kutoa daraja takatifu, vijana wanapowekwa wakfu, askofu ameketi, vijana wamejipanga, kanisa limejaa mpaka watu wananing'inia madirishani, na gombera ndiye anayesimama kuwaombea. Askofu anamuuliza kama anajua kwamba hawa wanastahili. Naye hujibu kuwa ameulizia kwa watu, na anashuhudia kuwa wanastahili. Ni maneno machache. Lakini yakishamtoka yamemtoka, na kijana akija kuharibikiwa, watu watakumbuka ni nani aliyesimama.

Sasa utamjuaje mtu mpaka ufike kumshuhudia? Mdogo wangu alikuwa na njia yake, na hakujifunza kitabuni.

Baba yetu alipofariki aliacha viti na ile mashine ya kunyolea ya mkono, inayobanwa kama koleo. Kaka zetu walichukua viti. Mdogo wangu, padre kijana wakati huo, aliomba mashine. Tukamcheka. "Utamnyoa nani huko, sanamu?" Kumbe mwenzetu alikuwa na hesabu zake. Alipofanywa gombera aliweka kigoda kwenye baraza nyuma ya ofisi, akaleta shuka safi na kitana. Kioo hakuweka, na hilo lilikuwa la makusudi. "Mtu akiwa na kioo anajiangalia," aliniambia. "Asipokuwa nacho, anaongea."

Kila mseminari alipita kwenye kigoda kile mwanzo wa muhula, kisha tena kabla ya kuamuliwa kama anaendelea. Ndiyo sababu wakambandika jina la Padre Mkasi. Kijana ameketi, shuka shingoni, uso wa gombera haoni. Anachosikia ni vidole kichwani na mashine ikisema krii, krii. Gombera haulizi habari za vitabu. Anauliza: siku hizi nyumbani nani anateka maji? Ukikasirika huwa unakwenda wapi? Ukimkumbuka mama yako, unamkumbuka akifanya nini? Na swali la mwisho, ambalo hakumsamehe mtu: nani alikutuma huku? Wapo waliolia. Wapo waliosinzia. Mmoja alikiri kwamba alikuja kwa ajili ya kandanda tu, kwa sababu uwanja wa seminari una nyasi. Huyo leo ni padre mzuri sana, na bado anacheza namba tisa.

Mwanangu ni mmoja tu. Baba yake, dereva wa lori, alifariki mtoto hajaanza kutambaa, nikabaki mimi na cherehani yangu pale mbele ya soko. Mjomba wake ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, kupiga mluzi, na kutumikia misa bila kuangusha kengele. Alipomaliza shule akaniambia, "Mama, nafikiria kwenda seminari." Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio kuuliza kama nimeposwa.

Mdogo wangu hakupiga vigelegele. Alikuja nyumbani, akakaa, akakataa hata chai.

"Dada, kijana akija kwangu, mimi simjui."

"Humjui vipi na umembeba mgongoni?"

"Simjui. Sitaki mtu aseme mpwa wa gombera analelewa kama yai. Wala yeye asije akadhani hivyo."

"Wewe na hiyo haki yako! Utakuja kuila?"

"Nitaila, Dada. Ndicho chakula cha gombera."

Na kweli, alichosema alitenda. Aliwaita mapadre walimu na walezi wote akawaambia: huyu ni mpwa wangu, kwa hiyo mimi simgusi, nyie ndio mtakaomjua na nyie ndio mtakaomsema. Mwanangu akakatazwa kumwita Mjomba, akawa anamwita Padre Gombera kama wengine. Kwenye kigoda hakukaa. Vichwa vya wenzake vinanyolewa barazani. Cha kwake kinapelekwa kwa kinyozi wa nje ya geti. Wenzake wakamtania: "Sisi tunanyolewa na gombera, wewe mpwa wake unanyolewa na geti!" Na kila mwisho wa mwaka, walezi walipokaa kuwajadili wanafunzi, ikifika zamu ya mwanangu gombera alikuwa anainuka, anatoka nje, anasimama kwenye ua akihesabu kunguru mpaka wamalize. Akirudi anaambiwa, "Hana neno. Mtulivu." Mwaka unaofuata: hana neno. Na mwingine tena: hana neno, mtulivu.

Mimi nilikuwa nikisikia hivyo napaa. Mtoto asiye na neno! Wateja wangu walijua hata kama hawakuuliza.

Basi ukafika mwaka wa ushemasi. Ushemasi ndio daraja la kwanza, na ndilo linalofunga mlango: kijana akishalipokea ameahidi maisha yake yote, kurudi nyuma si jambo la mchezo. Upadre unafuata tu baadaye. Vijana walikuwa wachache mwaka ule, na mwanangu mmojawapo. Nilinunua kitambaa cheupe kilichotulia, nikamshonea kanzu yake ya altareni kwa mkono wangu, na pindo nikalitia kwa sindano badala ya cherehani, maana cherehani haina mapenzi. Kwaya ikaanza mazoezi. Ndugu wa mbali ambao hata mazishi hawaji walituma salamu kwamba watafika.

Haya ya ndani ya seminari mdogo wangu mwenyewe alinieleza baadaye, na yeye hatii chumvi. Mtia chumvi wa familia yetu ni mimi.

Anasema alikuwa kanisani peke yake, mchana, anafanya mazoezi ya yale maneno ya kumjibu askofu. Alikuwa na desturi ya kuyasema kwa sauti, jina moja moja, huku akimwona kijana mwenyewe kichwani: huyu wa kandanda, huyu mwenye kigugumizi, huyu aliyenikasirikia mwaka wa pili. Kwa kila mmoja anasema nimeulizia, nashuhudia, na moyo wake unaitikia. Akafika kwa mpwa wake. Akafungua mdomo: nimeulizia. Ikakwama. Akarudia. Ikakwama palepale. Alimwona mtoto aliyemfundisha kupiga mluzi. Yule kijana mkubwa wa seminari hakumwona. Hakuwa na la kumwona nalo.

Akatoka kanisani akamfuata mwalimu wa Maandiko.

"Mpwa wangu, katika miaka hii yote, umewahi kumuuliza kama kweli anataka?"

Mwalimu wa Maandiko akashangaa. "Mimi? Padre Gombera, si damu yako? Mimi nilijua mambo hayo mmeshayamaliza nyumbani."

Akamfuata mlezi wa mwaka wake. Huyo naye: "Kijana mtulivu, hana neno. Na kumhojihoji mpwa wa gombera, ningeonekana nakuchimba wewe."

Mwalimu wa muziki alisema sauti yake ni nzuri. Padre mshauri wa roho akatikisa kichwa tu, maana yale anayoambiwa hana ruhusa ya kuyatoa. Ila, anasema mdogo wangu, alitikisa kichwa polepole kuliko kawaida.

Hapo ndipo alipoelewa walichofanya. Walimu walimwachia yeye kwa sababu ni mjomba. Yeye aliwaachia wao kwa sababu ni mjomba. Na mimi mama nililala usingizi mnono kwa sababu hiyohiyo. Mtoto alikuwa katikati ya watu wote wanaompenda, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Siku ileile mimi nilikuwa nimefunga safari kwenda kumjaribisha kanzu. Nilifika, nikaambiwa subiri chumba cha wageni. Mimi kusubiri chumba cha wageni penye ofisi ya mdogo wangu niliyemfuta kamasi? Nikazunguka nyuma, na nilipokunja kona ya baraza nikasimama. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, shuka shingoni. Mdogo wangu yuko nyuma yake na mashine ya baba. Nilifurahi, nikajiambia: hatimaye! Nikarudi nyuma ya nguzo niwaachie nafasi. Maneno sikuyasikia. Hayo mwanangu alinisimulia mwenyewe, na mjomba wake aliyathibitisha.

Mashine ikasema krii, krii. Gombera aliyewauliza vijana wote wa watu akashindwa kumuuliza wa kwao. Mwisho akakohoa.

"Nani alikutuma huku?"

"Hakuna aliyenituma, Padre Gombera."

"Hapa kwenye kigoda niite Mjomba."

Mashine ikasimama.

"Mjomba, siku nilipomwambia mama kwamba nafikiria, alipiga vigelegele. Nilikuwa bado nafikiria tu. Sijawahi kumwona amefurahi vile tangu nizaliwe. Nikasema basi, niende kidogo nione. Kila mwaka nikasema kidogo tena. Nikawa nangoja mtu aniulize nimwambie, lakini kila mtu alikuwa ananipita kwa heshima."

"Na Mungu je?"

"Mungu tumeshaelewana, Mjomba. Aliyebaki ni mama."

Hapo ndipo mimi nilipochoka na nguzo nikajitokeza, kanzu mkononi. Nilichokiona ni wanaume wawili wanalia kimyakimya, mmoja amesimama, mmoja amekaa na kichwa nusu kimenyolewa, nusu kichaka.

"Kuna nini? Mbona umemwacha mtoto kama shamba la mvivu?"

Nikaikunjua kanzu. "Simama nikupime, mwanangu."

"Mama, hiyo kanzu sitaivaa."

"Inabana? Nimeacha mshono wa kutosha, naiachia sasa hivi."

"Haibani, Mama."

"Ni ndefu?"

"Si ndefu. Ni nzuri sana. Mimi ndiye nisiyeenea humo."

Alinieleza yote akiwa amenishika mkono, na ile shuka bado shingoni. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Mtoto wangu sikumkatiza na sikumwambia neno baya, siku ile wala siku yoyote. Lakini mdogo wangu nilimgeukia.

"Wewe. Maliza hicho kichwa. Mwanangu hatoki nje hivyo."

"Dada, nisikilize. Mimi nitasimama mbele ya askofu. Kwa wenzake ninayo maneno. Kwa huyu..."

"Nimesema maliza kichwa."

Akamaliza. Nikakunja kanzu nikaitia kwenye mfuko. Tulipofika getini nikamwambia mdogo wangu neno moja tu: "Wa watu uliwauliza mwaka wa kwanza. Wa kwangu umemuuliza nguo zimeshashonwa." Nikamshika mwanangu mkono, tukatoka.

Mdogo wangu alikwenda kwa askofu yeye mwenyewe. Askofu akamuuliza, "Huyo kijana ana kosa gani?" Akajibu, "Kijana hana kosa, Baba Askofu. Kosa ni langu, sikumuuliza." Siku ya ushemasi alisimama, akawashuhudia wale wengine kwa sauti isiyokatika. Mimi sikwenda. Nilikuwa dukani nashona mashuka ya hospitali, mguu juu ya cherehani kama mtu anayefukuzwa.

Kwa mwanangu mambo yalikuwa magumu. Mtaa wetu haujui kwamba kijana anaweza kutoka seminari kwa miguu yake mwenyewe. Akirudi, basi amefukuzwa. Na akifukuzwa na mjomba wake, basi jambo lenyewe halisemeki. Fundi viatu alisikia ni wizi wa sadaka. Muuza mkaa alisikia ni mtoto wa pembeni, tena mapacha. Kiongozi wa kwaya, anayeuza nyanya pale karibu na bomba, hakusikia lolote, lakini alivyokuwa anatikisa kichwa kila mtu alijazia mwenyewe. Mimi mdomo ninao, niliwajibu wote; lakini mama akimtetea mwanawe nani anamsikia? Kijana akaacha kupita sokoni. Akaanza kwenda kuteka maji kwa kuzunguka nyuma ya nyumba, kichwa chini, yeye aliyekuwa akitembea anapiga mluzi. Nilimwona anapungua. Nilisikia akimwambia jirani kwamba anafikiria kwenda mbali, mahali wasikomjua.

Jumamosi moja, soko limefurika, nikaona watu wanapisha njia. Mdogo wangu. Na hakuja na lile shati lake la safari. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe ya siku kubwa, mshipi kiunoni, viatu vimeng'arishwa, kama anayekwenda kwa askofu. Akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Shikamoo, Dada."

Nilikuwa bado nimevimba, lakini shikamoo haikataliwi. "Marahaba."

"Nimekuja kumchukua mpwa wangu."

"Umpeleke wapi tena? Hukuridhika?"

"Namtembeza sokoni."

Mwanangu alitoka ndani akamwamkia. Mjomba wake akamshika mkono, mkono kabisa, vidole kwa vidole kama enzi za kufundishwa kuvuka barabara, wakaanzia kwa fundi viatu. Mimi niliacha nguo ya mteja chini ya sindano nikawafuata nyuma.

"Mzee, habari za kazi?"

"Salama, Padre."

"Huyu unamjua?"

"Si mtoto wa fundi cherehani? Namjua."

"Ni mpwa wangu. Ameishi kwenye nyumba ninayoiongoza. Nimewauliza waliomfundisha, nimewauliza waliokula naye meza moja, nimemuuliza mwenyewe. Aliingia vizuri, ametoka vizuri. Nashuhudia kwamba anastahili."

Fundi viatu akasimamisha nyundo hewani. "Anastahili nini, Padre?"

"Chochote atakachoshika."

Safari hii alikuwa ameuliza kweli. Baadaye nilijua kwamba tangu tulipoondoka alikuwa amewakalisha wanafunzi wenzake kwenye kigoda mmoja baada ya mwingine, na walimu, hata mwalimu wa muziki mwenye upara, akamkalisha bila sababu ya kunyoa.

Wakaenda kwa muuza mkaa. Maneno yaleyale, neno kwa neno, kama yanavyosemwa kanisani. Muuza mkaa ni mwanamke wa utani. Akajifuta mikono, akamtazama mwanangu juu hadi chini.

"Padre, kama anastahili chochote, basi na amwoe binti yangu, maana amenishinda."

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi nimejifunza kuuliza."

"Eti kijana, unasemaje?"

Mwanangu akasema, "Mama, binti yako aliniangusha mieleka darasa la tatu. Bado namwogopa."

Soko likacheka. Na yeye akacheka, mwanangu, kicheko kile chake cha kurusha kichwa nyuma ambacho nilikuwa nimekisahau.

Kwa kiongozi wa kwaya ndipo walipokaa zaidi. Mama wa watu alianza kuzipanga upya nyanya zilizokuwa zimepangika.

"Nimeshasikia, Padre, sauti imefika mpaka huku."

"Najua. Nimekuja usikie kwangu, siyo kwa upepo."

Akamwambia yote tangu mwanzo, na jua linawaka, jasho linamtiririka chini ya kola. Alipomaliza, yule mama alichagua nyanya nzuri kuliko zote akampa mwanangu mkononi, akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu. Kwaya yetu haina besi."

Walizunguka soko lote. Hawakuruka meza hata ya yule kiziwi anayeuza kufuli; kwake mdogo wangu alimshika tu mwanangu mabega, akamsogeza mbele, akaweka mkono wake mwenyewe kifuani. Kiziwi akaelewa haraka kuliko wengi.

Walirudi kwangu, mdogo wangu akakaa kwenye kiti cha wateja, amechoka, kanzu ya siku kubwa imeshika vumbi la mkaa pembeni. Nikampa maji.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Nimechelewa, Dada."

"Sana."

"Sana."

Basi. Nikamwambia avue hiyo kanzu niitoe doa kabla halijalala.

Mwanangu hakwenda mbali. Anafundisha shule ya msingi huko juu ya stesheni, darasa la wadogo, na walimu wenzake wanasema akiuliza swali anangoja jibu mpaka lije. Besi anaimba. Binti wa muuza mkaa habari zake nitazinyamazia, maana hazijaiva.

Ila mdogo wangu hakuliacha jambo lile lipoe. Alifuta ile sheria yake: sasa hakuna kichwa kinachoruka kigoda, awe mpwa wa gombera, awe mpwa wa askofu. Hata hivyo alikuwa bado hana raha. Muhula mpya ulipokaribia alinitumia ujumbe: Dada, njoo siku ya kupokea wapya, njoo mapema.

Nikaenda. Siku hiyo wazazi huruhusiwa kuingia na watoto wao mpaka uani. Ua ulijaa masanduku, magodoro yaliyofungwa kamba, na akina mama. Baba wachache walisimama pembeni wakijifanya wanakagua paa. Akina mama ndio waliokuwa wameshika vijana wao viwiko, nyuso zinang'aa mpaka unaweza kujitazama humo. Nikazijua zile nyuso.

Mdogo wangu akaja akasimama kando yangu.

"Unawaona?"

"Nawaona."

"Kigoda changu kinawapata vijana, lakini kwa kuchelewa. Wanafika tayari wamebeba vigelegele vya mtu. Anayetakiwa kusemeshwa kwanza ni mama, tena leo, kabla hajatoka kwenye geti hili."

"Si uwasemeshe? Gombera ni wewe."

"Nikiwasogelea wanavaa uso wa kanisani. Ndiyo Padre, sawa Padre. Wewe watakusikia."

"Niwaambie nini?"

"Waambie kwamba mwaka wowote, siku yoyote, kijana akirudi nyumbani, kitanda chake kiwe bado kimetandikwa. Na wamwambie hivyo yeye mwenyewe, kwa midomo yao, hapa hapa, nikiwaona."

"Mimi si mfanyakazi wako."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Na si leo tu, Dada. Kila mwaka. Mimi muda wangu hapa unaelekea ukingoni, atakuja gombera mwingine, na nimeshamwandikia askofu kwamba kazi hii si ya gombera. Ni ya mama aliyewahi kurudi nyumbani na kanzu kwenye mfuko."

Nikajifunga vizuri kilemba changu. Kwa kidevu, kama baba alivyokuwa anaita mteja anayefuata, akanionyesha mwanamke mmoja mnene karibu na mlango wa bweni, ameketi juu ya sanduku la mwanawe kana kwamba analiatamia.

"Anza na yule," akasema.